Korola la Zarin na Chumba cha Segerea

Zarin, mjane wa Mohamedjaffer, hanaga simile. Akisema sahani chafu, hiyo chafu, hata ukiiosha mpaka ua lake lifutike. Lakini wiki ile alinyong'onyea, mpaka wenye maduka pale Kinondoni wakaulizana yule mama mkali kapatwa na nini.

Kapatwa na gari. Korola kuukuu la marehemu, analiendesha mwenyewe, sokoni, msikitini, msibani, haombi mtu. Sasa likaanza ujinga. Ukiliwasha linakohoa, ukikanyaga mafuta linazubaa kama mtoto anayetumwa dukani hataki, halafu linazima katikati ya barabara na wenye bajaji wanamporomoshea matusi. Mwanawe Baqir akapata sababu. Jumamosi anakuja na bredauni ya kulivuta, gari liende kwa wanunua vyuma chakavu, mama ahamie kwake Segerea, maana bila gari ataishije peke yake? Chumba chenyewe kishaanza kutolewa mizigo.

Baqir si mtoto mbaya. Ila mkewe, Masuma, chakula chake hakina chumvi na mtu anapangiwa mpaka saa ya kuoga. Zarin akawaambia majirani kwamba Segerea anaijua, na gereza liko hukohuko.

Fundi wa Manzese alikuwa kashalichezea, akasema injini imekufa. Huyo hata ukimpelekea jiko la mkaa atakwambia injini imekufa. Zarin hakumwamini. Miaka yote marehemu akifungua gari uani, mshika tochi ni yeye, na macho anayo. Akakumbuka liliwahi kuumwa hivihivi, na mumewe akafungua kile kisanduku kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, mafundi wanakiita eafulo. Ndani kina kilango. Hewa ikipita kinafunguka, na gari linajua limwage mafuta kiasi gani. Kilango kikidanganya, gari linachanganyikiwa.

Ijumaa asubuhi akamwita mpangaji wake Theonest, Mhaya anayetengeneza maspika, kwa sababu ana mita ya kupimia umeme. Theonest akajitetea kwamba mambo ya gari hayajui. Zarin akamjibu hakuitwa kujua, kaitwa kushika waya.

Wakakichomoa kisanduku, wakakiweka mezani barazani. Theonest akagusisha waya za mita, Zarin akakisukuma kilango kwa kidole, polepole. Mshale wa mita ulitakiwa upande taratibu pamoja nacho. Ukapanda, ukaganda, halafu ukaruka. Wakarudia, ukaganda palepale. Kidole cha Zarin kikatoka cheusi, kinanata. Theonest akainama, akanusa.

"Mama Baqir, hivi hili gari huwa unalifukiza?"

Zarin akakifutia kidole kwenye kanga.

Analifukiza, tena sana. Kila Alhamisi magharibi akishamaliza vyumba anahamia kwenye gari, boneti wazi, injini inanguruma, chetezo cha ubani anakisogeza palepale linapovutia hewa, moshi uingie mpaka ndani, husuda itoke. Na husuda yenyewe alishaitafutia mwenyewe: Jovina wa nyumba ya mbele, aliyewahi kulisifia gari bila kusema mashallah. Jovina wa watu Mkristo wa Ngara, mashallah angeijulia wapi? Basi gari likikohoa Zarin anaongeza ubani, akiongeza ubani gari linazidi kukohoa. Utomvu wa ubani umejipaka kwenye kilango kama lami.

Theonest akashindwa kujizuia, mabega yanamtikisika.

"Cheka tena," Zarin akamwambia, "utahama wewe kabla yangu."

Akakisugua kwa petroli na mswaki mkuukuu, mpaka kilango kikawa kinacheza chenyewe. Mshale sasa ukapanda laini. Wakarudisha, wakawasha. Likawaka, lakini moshi mweusi, harufu ya petroli uani kote, na mlio unapanda na kushuka. Zarin akatukana tusi ambalo sitaliandika, akafungua kifuniko cha juu. Gundi mbichi, si ya kiwandani. Yule fundi alikuwa kafungua akalegeza springi ya kilango, kufunika ugonjwa asioujua. Zarin akaweka alama kwa wanja pale kigurudumu cha meno cha springi kilipo, asije akapotea, akakirudisha jino, akasikiliza. Jino jingine. Jingine tena. Injini ikatulia, ikawa inatembea kama cherehani. Akaketi kizingitini, akafuta macho kwa mtandio, akasema ni petroli.

Jovina hakuombwa radhi. Hajaombwa mpaka leo.

Jumamosi Baqir akafika na bredauni yake, akamkuta mama kashika usukani na gari linanguruma. Mwenye bredauni akaambiwa arudi alikotoka.

"Shikamoo, mama. Sasa hili..."

"Marahaba. Panda."

Wakaenda mpaka Mwenge. Baqir kashikilia mlango kama anayepelekwa hospitali. Kwenye taa wakasimama kwenye foleni ndefu, bajaji huku na huku, na gari halikuzima. Kilimani likapanda bila kulalamika. Wakati wa kurudi mkono wake ukaachia mlango wenyewe, akatoa simu, akampigia mkewe.

"Masuma, hiyo mizigo irudishe chumbani. Mama haji."

Masuma akashusha pumzi ndefu, Zarin akaisikia vizuri kabisa kutoka kwenye simu, na kwa mara ya kwanza tangu harusi akaona kumbe huyu mkwe naye ana akili.