Muchanga Utoke, Vumbi Libaki

Sisi wapiga foto wa Goma tuna neno letu kwa zile nukta zinazojaa kwenye foto iliyopigwa mahali penye giza. Tunaziita muchanga. Telefone ikikosa mwanga inajilazimisha kuona, na ikijilazimisha inaanza kubuni vitu ambavyo havipo, nukta nyekundu hapa, ya kijani pale, mpaka uso wa mtu unaonekana kama umerushiwa kiganja cha muchanga. Kuutoa kwa ordinateri, yaani kompyuta, ndiyo kazi niliyokuwa najivunia kupita zote. Wenzangu wa mtaa huu wa Keshero walikuwa wananishinda kwa harusi, kwa mashine, hata kwa ukubwa wa kibao cha mlangoni. Kwa muchanga, thubutu! Waliniletea wao wenyewe foto zilizowashinda, na mimi nilizipokea kwa maringo yote.

Basi Jumatatu moja mchana akaingia mwanamke mmoja kutoka Munigi, amevaa kitenge cheusi cha kilio. Nitamwita binti, ingawa ni mtu mzima mwenye watoto, kwa sababu habari hii ni yake na mama yake. Mama huyo alikuwa amefariki miezi michache kabla. Jumamosi ile familia ilikuwa inamaliza kilio, watu wangekuja hata kutoka kwao Rutshuru, na walitaka foto kubwa ya marehemu ya kuweka mbele, pale watu wanapokuja kusimama na kumuaga. Foto ilikuwa moja tu duniani. Marehemu alikuwa hataki kupigwa foto. Kila akionyeshwa telefone alifunika uso kwa mkono na kusema, "Ngojeni kwanza nioge." Alifanya kazi kwenye mulini, kwenye mashine ya kusaga unga wa muhogo na mahindi, miaka yote, na ile siku ya kuoga kwanza, foto baadaye, haikufika kamwe.

"Papa," binti akaniambia, "watoto wangu wadogo wameanza kumusahau sura. Kama hii haitoke, Jumamosi tutaweka kitambaa kitupu."

Niliitazama ile foto kwenye telefone yake. Yesu wangu! Imepigwa ndani ya mulini, nyumba ya mbao isiyo na dirisha, mwanga unaingia kwa mlango peke yake. Muchanga ulikuwa umejaa tele. Uso niliuona kwa kuukisia tu. Lakini sikumwonyesha wasiwasi. Nikamwambia kesho saa nane akuje achukue.

Alipofika mlangoni akageuka. "Papa, muchanga mutoe wote. Lakini vumbi muiache."

Nikacheka. Si kwa ubaya, lakini nilicheka. Nilijisemea, hawa wateja nao! Muchanga au vumbi, si ni kitu kimoja? Mtu hajui hata anachoagiza. Nikamjibu, "Mama, enda ulale salama, sitaacha hata punje."

Na kweli sikuacha. Kwenye programu kuna kamstari ka kuvuta kuelekea kulia, na kadiri unavyovuta, nukta zinayeyuka. Nilivuta mpaka mwisho. Zilizobaki nikazifuata moja moja kwa brashi: kwenye nyusi, kwenye kope, pembeni ya pua, kwenye kitambaa cha kichwa. Uso ukatokea laini, mweusi mzuri, unang'aa. Nikaita jirani yangu anayeuza vitenge aje aone. Akasema, "Weye muchawi," na mimi nikakubali.

Kesho yake binti akaja, akaketi kwenye kiti cha wateja, nikamgeuzia skrini. Nilingoja kelele ya furaha. Alitazama, akasogea, akatazama tena. Kisha akasema polepole, kwa adabu iliyoniumiza kuliko matusi:

"Foto ni nzuri sana, papa. Lakini huyu mama ni nani?"

Damu ilinipanda. Nilimwambia, kwa sauti ambayo leo naionea aibu, kwamba nimeshinda nayo siku nzima, kwamba kama anaona ni kazi rahisi apeleke kwingine. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunijibu kwa hasira. Alipangusa meza yangu kwa kidole, akanionyesha kidole kilivyoshika vumbi.

"Nilikuambia vumbi muiache. Kule mulini, vumbi ni ule unga mwepesi unaoruka wakati mashine inasaga. Unakaa kwa ukuta, kwa nguo, kwa mutu. Mama alikuwa nao kwa nyusi, kwa kope, hapa yote. Tangu nizaliwe sijamuona bila vumbi. Weye umemuogesha."

Nimekula unga wa mulini maisha yangu yote, hata jana yake jioni nilikula, na haikunijia kwamba kwenye uso wa mama aliyeusaga kungekuwa na unga. Nilichokifuata kwa brashi, kope kwa kope, kwa maringo yangu yote, ndicho kilichokuwa sura yake. Nikamwomba msamaha, nikaona haya hata kumtazama.

Lakini shida ikabaki palepale, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Nilifungua tena foto ya kwanza nikaikuza, na pale ndipo nilipoona ukubwa wa mtego. Nukta nyeupe ya unga na nukta nyeupe ya muchanga zimekaa pamoja, zinafanana kama mapacha. Programu haijui unga. Hata mimi, mtu mzima mwenye macho, sikujua ipi ni ya mama na ipi imebuniwa na telefone. Nikamwambia binti ukweli: kwa foto moja haiwezekani.

"Kwani ni moja?" akauliza. "Moja ndiyo inaonekana vizuri. Zile zingine ni zile zile, lakini mbaya zaidi."

"Zingine zipi?"

Akafungua telefone. Zilikuwa tano! Siku ile alimkuta mama yake amesimama karibu na mashine, akamwambia, "Mama, usitikisike, kuna giza," na kwa mara ya kwanza mama akakubali, akasimama wima, na binti akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza, kwa kuogopa asije akabadili nia.

Nilihisi nywele zinasimama. Kwa nini? Kwa sababu muchanga ni mwongo, na mwongo harudii maneno yale yale mara tano. Katika kila foto telefone inabuni nukta zake upya, mahali pengine. Unga hauhami. Nikiziweka foto tano moja juu ya nyingine, zikalingana macho kwa macho, kisha nikaiambia programu ishike tu kile ambacho zote zinakubaliana, kitakachobaki ni kile kilichokuwepo kweli.

Nilimwambia binti abaki aone. Niliziweka. Ya kwanza na ya pili: muchanga ukapungua kidogo. Ya tatu: ukuta wa mbao ukaanza kutokea nyuma yake. Ya nne. Ya tano. Na mbele yetu, bila mimi kugusa brashi, giza likatulia kama maji yanapoacha kutikiswa, na unga ukabaki. Kwenye nyusi. Kwenye kila kope, kope moja moja, unaweza kuzihesabu. Kwenye mikunjo ya kitambaa cha kichwa. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijaona kitu kama kile. Nilishika kichwa. Mtu alikuwa ndani ya lile giza muda wote, mzima, hakupotea hata punje, anangoja tu tumtazame mara za kutosha. Nilisema kwa sauti, "Mungu wangu," na sikuwa natania.

Binti aliweka mkono mdomoni. "Huyu ndiye," akasema. "Huyu ndiye kabisa."

Kitu kimoja tu hakikutoka: mdomo. Pale palikuwa na ukungu. Maana yake midomo ilitikisika, na foto tano hazikukubaliana. Nikamweleza kwamba lazima tuchague mdomo wa foto moja, tuusafishe peke yake kwa mkono, tuuweke mahali pake. Nilimwonyesha ule wa kwanza, umefungwa vizuri, una heshima.

Alitaka kuiona midomo yote mitano. Nilizipitisha foto polepole, moja baada ya nyingine, na akaanza kutabasamu. "Hapa amefunga. Hapa bado anavumilia. Hapa amechoka, anasema watu wanangoja unga wao." Kwenye ya tano akanishika mkono. "Weka hii."

Midomo ilikuwa wazi nusu, imekaa upande. Nikasema, kwa upole safari hii, "Mama, foto ya kilio, watu hufunga kinywa. Watauliza."

"Wacha waulize. Hapa ananiita. Jina langu linafungua mdomo hivi hivi."

Basi nikauweka. Nilifanya punje kwa punje mpaka saa kumi na moja, naye hakuondoka kwenye kiti. Nilipomaliza nikaikuza ikajaza skrini yote: mama mweupe kwa unga, macho kwetu, yuko katikati ya kulitamka jina la mtoto wake. Kwao Rutshuru, mzazi akikuita huitiki kwa kusema "nini". Unaitika kwa neno ambalo maana yake ni uishi miaka mingi. Binti alisimama, akanyoosha kitenge chake kama mtu aliyeitwa kweli, akasema kwa sauti ndogo:

"Karame, mama."

Nilienda kuhesabu karatasi za kuchapia, ambazo nilijua ni ngapi.