Dakika, Mzee Anayeivisha Visu vya Wapasuaji

Saa kumi na mbili asubuhi, mzee mwembamba aliyevaa mabuti ya mpira ameegemeza sikio karibu na mlango mzito wa chuma. Ndani, mvuke unafoka. Anasikiliza kidogo, kisha anatabasamu.

"Leo hajanuna," anasema.

Anayezungumziwa ni mashine ya mvuke ya hospitali ya serikali, yenye umri wa miaka thelathini na moja. Kila mkasi, kila kisu na kila kitambaa kinachoingia chumba cha upasuaji hupita kwanza tumboni mwake ili vijidudu vife. Mzee huyu ndiye anayeiendesha. Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho, lakini kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa geti, wote wanamwita Dakika.

Hakulipata bure. Joto likifika panapotakiwa, Dakika huvua saa yake ya mkononi, huiweka mezani na kuhesabu dakika thelathini kamili. Ukimwomba akupunguzie mbili, atakutazama kuanzia utosini hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Mwandishi wa makala haya aliuliza tu kama ishirini na nane hazitoshi, akatazamwa hivyo hivyo.

Chumba chake kina urefu wa hatua sita na dirisha moja dogo. Kufikia saa nne, kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi arobaini na moja. Mpira wa mlango wa mashine, unaozuia mvuke usivuje, ulichakaa, na mpya ulichukua miezi kumi na minne kufika. Muda wote huo Dakika alikuwa akigeuza ule wa zamani kila Jumatatu ili usilegee upande mmoja.

Katikati ya kila mzigo wa vifaa huweka bunda dogo la majaribio, lenye utepe wa karatasi ndani. Mvuke ukipenya sawasawa, utepe wote huwa mweusi, naye hutangaza, "Imeiva!" Ukibaki na kijivu hata kidogo, husema, "Bado mbichi," na mzigo mzima unarudi ndani, awe anausubiri nani.

Nje ya chumba hicho watu wanabishana. Redioni na kwenye vikao vya baraza, hoja ni kama hospitali ibaki mikononi mwa serikali au ikabidhiwe kampuni. Wengine wanasema wagonjwa wanakufa kwa uzembe wa serikali. Wengine wanajibu kwamba kampuni itatibu wenye uwezo na kuwafungia mlango wanyonge.

Dakika amefanya kazi pande zote mbili. "Kule kwa mtu binafsi glavu hazikuisha hata siku moja, nisiseme uongo," anakumbuka. "Ila msimamizi alitaka mizigo kumi kwa siku, na mashine inaweza sita. Nikaondoka. Huku nako nimeomba mpira wa mlango mpaka nikaota ndevu nyeupe. Kila upande una dhambi zake, ndugu mwandishi. Mimi niulize kuhusu utepe."

Muuguzi kiongozi wa wodi ya upasuaji ana daftari lake la miaka mingi. Kabla Dakika hajaja, katika kila wagonjwa mia waliopasuliwa, vidonda vya kumi na sita vilitunga usaha. Mwaka jana walikuwa watatu.

"Madaktari wamebadilika mara tano, na paa linavuja pale pale," anasema. "Kila nikifungua daftari hili najiuliza, watu wangapi wanatembea mjini na hawajui kwamba yupo mzee chumba cha nyuma aliyekataa kuharakishwa?"

Mwandishi naye alijiuliza, na akaona haya kidogo, kwani ana kovu la upasuaji alilolipata hapo hapo.

Miaka minane iliyopita, aliyekuwa akisubiri vifaa ni binti yake Dakika mwenyewe. Mtoto alikuwa amekwama tumboni, na utepe ulitoka na kijivu. Mpasuaji alifoka. Mke wa Dakika alilia mlangoni. Dakika alikataa kutoa sinia la vifaa, akamtuma dereva mbio kuazima vifaa kituo cha afya cha jirani.

"Zile dakika ishirini sijui nilizipitaje," anasema, akishika ukingo wa meza. "Ningewapa vile vibichi, angejifungua mapema, kisha ningemzika baada ya wiki." Mama na mtoto walipona. Mkewe alikaa siku kumi na mbili bila kumsemesha.

Sasa Dakika anastaafu baada ya miezi miwili, na macho yake yameingia mtoto wa jicho. Aliyemfundisha kwa mwaka mzima, saa za mapumziko, ni kibarua wa chumba cha kufulia anayeitwa Kimya. Mganga mkuu ameandika barua mbili akiomba mama huyo aajiriwe. Jibu ni lile lile: ajira zimesimamishwa mpaka mjadala uishe. Asipoajiriwa Kimya, mashine itaachiwa yeyote atakayekuwa karibu.

Saa tano na nusu, chumba cha upasuaji kinaita. Kuna mgonjwa wa kidole tumbo, hali ni mbaya. Dakika anafungua mlango, mvuke unatoka, anachukua bunda la majaribio na kuusogeza utepe dirishani.

"Imeiva," anasema.

Kimya anausogelea utepe. Anautazama, anaugeuza, anautazama tena.

"Baba, samahani. Bado mbichi."

"Wapi?"

"Hapa katikati. Kuna kijivu."

Mlangoni muuguzi anapaza sauti, "Jamani, mgonjwa yuko mezani!"

"Hii haitoki," anajibu Kimya. Tayari amefungua kabati. "Chukua seti ya akiba. Niliiivisha jana jioni, utepe wake huu hapa, mweusi wote."

Muuguzi anaondoka na seti mbio. Kimya anaurudisha mzigo ndani, bunda moja moja, akiachanisha yaliyobanana. Dakika amekaa kwenye stuli, utepe ungali mkononi.

"Mimi sikukiona," anasema. "Miaka ishirini na mbili, na leo ningetoa kibichi." Anafuta macho, na hasingizii mvuke.

Saa nane habari inafika kwamba mgonjwa amezinduka.

Jina la Dakika lipo kwenye orodha ya upasuaji wa macho, hapo hapo hospitalini, wiki tatu baada ya kustaafu. Watoto wake wanataka kumpeleka kwingine. Amekataa.

"Wabishane hospitali iwe ya nani," anasema, akimtazama Kimya anayevua saa yake na kuiweka mezani. "Mimi naomba kitu kimoja. Kisu kitakachoingia jichoni mwangu, awe amekiivisha huyu."