Mikono Shingoni mwa Nestori Vaara

Nestori Vaara aling'olewa meno mawili ya mbele kabla hajaota ndevu, na aliyeyang'oa alikuwa baba yake mzazi, kwa kitako cha shoka, kisa farasi hajanyweshwa maji. Nestori hakulia. Alisubiri. Alipojiona amepata kifua cha kutosha, alimvunja baba huyo taya juu ya meza ya chakula, akachukua kisu chake cha kiunoni na jozi ya soksi, akaenda kutafuta kazi ya kusindikiza magogo katika mto Muonio, unaotenganisha Ufini na Sweden.

Kazi ile ilimpenda, naye akaipenda. Barafu ilipopasuka na mto kufura, magogo yaliyokatwa wakati wa baridi yalimwagwa majini kwa maelfu, na wanaume wenye pondo ndefu za ncha ya chuma waliruka kutoka gogo moja hadi jingine, wakiyafungua yalipokwama. Aliyeteleza alisagwa. Watu wanaoishi hivyo hawaogopi ngumi, na kambini ngumi zilikuwa kama chumvi: hazikukosekana katika mlo wowote. Nestori alipigana na Wasweden kwa sababu walikuwa Wasweden, na Wafini wenzake kwa sababu walikuwa karibu. Alimkata mtu sikio kwa ajili ya benchi la kukalia. Alimtumbukiza mpishi mtoni kwa sababu ya samaki aliyezidi chumvi.

Lakini mchezo wake mkubwa ulikuwa waamini.

Hao walikuwa nusu ya kambi. Hawakunywa pombe, hawakucheza karata, hata tai shingoni waliiona ni kamba ya Shetani. Mmoja wao akikosa, hakusubiri kasisi wala Jumapili. Alimwendea mwenzake palepale alipo, awe anachonga mpini au anakoroga uji, akamwuliza, "Je, naweza kuamini?" Mwenzake akamkumbatia shingoni na kumwambia, "Amini dhambi zako zote zimesamehewa, katika jina la Yesu na damu yake." Basi, yamekwisha. Mama wa nyumbani mwenye unga mikononi aliweza kulitamka neno hilo sawasawa na askofu, mradi yeye mwenyewe yumo katika imani. Na aliyekosewa ndiye wa kwanza kuendewa.

Nestori aliona hapo pana chakula cha bure.

"Ndugu Eljas," alisema siku moja mbele ya watu wote, baada ya kumzaba kibao mtu aliyeitwa Eljas Kenttä mpaka uji ukamwagika. Eljas alikuwa mtu mfupi mwenye masikio mekundu, kutoka ng'ambo ya pili ya mto. "Ndugu, nimekukosea. Moyo unaniuma. Je, naweza kuamini?"

"Unafanya mzaha, Nestori."

"Moyo wangu unaujua wewe? Tangu lini umekuwa Mungu?"

Watu walicheka. Eljas alifuta damu mdomoni, akasimama kwa vidole vya miguu ili amfikie shingoni, akayasema yale maneno.

"Asante, mlokole wangu. Sasa mimi mweupe pe, kama theluji." Akamzaba cha pili. "Lo, nimeanguka tena. Mwili ni dhaifu. Njoo unisamehe."

Mchezo huo uliendelea msimu mzima, na uliofuata. Eljas alipigwa, akaombwa, akasamehe. Wengine walianza kuona aibu, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia Nestori.

Halafu yakaja magogo ya kwenye maporomoko. Yalikuwa yamekwama, marundo kwa marundo, na Nestori alikuwa amekunywa tangu asubuhi. Alisimama palipo pabaya, akichokoa ovyo gogo ambalo lingewaangushia wengine mlima mzima.

"Shuka, Nestori," Eljas alimwambia. "Umelewa. Utaua watu."

Alisema kweli, na alisema mbele ya kila mtu. Nestori alimwendea akirukaruka juu ya magogo kama paka. Pigo la kwanza la upondo lilimpata Eljas gotini, na mlio wake ulisikika juu ya kelele za maji. Eljas alianguka, akalishika gogo asizame. Nestori aliuinua upondo, akaushusha kwa mikono miwili. Ncha ya chuma ilipita katikati ya kiganja cha Eljas ikaingia mtini, na mkono ukabaki pale umepigiliwa, vidole vikifunguka na kufumba.

Nestori alicheka, kwa mazoea tu, akainama. "Ndugu Eljas. Je, naweza kuamini?"

Uso wa Eljas ulikuwa mweupe kama maziwa yaliyoganda. "La," alisema. "Hii nakufungia, Nestori Vaara. Nakufungia hapa duniani, na huko juu itabaki imefungwa."

Hata walevi walivua kofia. Maana watu wa mto ule wanajua kwamba aliyepewa ufunguo wa kufungua kapewa pia wa kufunga, ila hakuna aliyewahi kuusikia ukizungushwa upande huo.

Nestori alihukumiwa, akatumikia kifungo, akatoka. Jela ilimwachia, maneno ya Eljas hayakumwachia. Alijiambia ni upuuzi wa mlokole. Alikunywa ili ausahau upuuzi huo, akapigana ili authibitishe kuwa ni upuuzi, na kila alipomwangusha mtu alijikuta anamtazama mdomo, kana kwamba anangoja neno. Neno halikuja. Ndipo alipopiga zaidi. Sokoni alimpasua mtu shavu mpaka ulimi ukaonekana. Kazi ya mtoni akanyimwa. Wakubwa walisema mtu huyu ni hasara kuliko mafuriko. Ikabidi awe anavuta magogo msituni wakati wa baridi, peke yake na farasi wake.

Farasi huyo alikuwa jike la rangi ya kahawia, mzee kidogo, asiye na kosa. Siku moja, kwenye mteremko wenye theluji ya kufika kifuani, alisimama akakataa kuvuta. Nestori alimpiga kwa hatamu. Alipoona haendi, alichukua mnyororo. Alimpiga mbavuni, akampiga shingoni, akampiga usoni, akitukana kwa pumzi inayotoka kama moshi, na farasi hakupiga teke wala kulia. Alipiga magoti ya mbele, kisha ya nyuma, akaulaza ubavu wake katika theluji ambayo sasa ilikuwa nyekundu pande zote. Jicho moja lilikuwa limetoka. Lililobaki lilimtazama Nestori.

Mnyororo ulimponyoka mkononi. Alikaa chini. Na akasikia sauti yake mwenyewe, sauti ambayo haikuwa na mzaha ndani yake hata chembe, ikimwuliza farasi, "Je, naweza kuamini?"

Farasi alikufa bila kumjibu.

Jumapili hiyo Nestori aliingia kwenye mkutano wa Neno, nyumbani kwa seremala mmoja mzee aliyeitwa Aapo Lompolo, ambaye ndiye aliyehubiri upande huo. Chumba kilijaa watu na harufu ya ngozi za paa wa theluji zilizolowa. Mahubiri yalipowashika watu, wakaanza kulia na kukumbatiana na kupiga makofi, huyu akimwomba yule radhi kwa masengenyo, yule akimwomba huyu kwa wivu. Walipomwona aliyesimama mlangoni, kelele zilikatika. Mama mmoja aliwasogeza binti zake nyuma ya jiko.

Nestori alimwendea Aapo, akapiga magoti. "Mimi ni mtu mbaya," alisema.

"Hilo si habari," alisema Aapo. "Nani alikufungia?"

"Eljas Kenttä."

"Nilisikia. Basi mlango aliokufungia Eljas, mimi sitakupitisha dirishani. Nenda kwake."

"Ataniua."

"Eljas? Yule anatembea kwa fimbo. Muogope mkewe."

Mkewe aliitwa Priita, naye ndiye aliyekuwa uani siku Nestori alipovuka mto ulioganda, akavua skii zake, zile mbao za kutelezea juu ya theluji, langoni. Alikuwa anapasua kuni. Tangu goti la mumewe likatae kukunja, kuni alipasua yeye, nyasi alikata yeye, nyavu alitega yeye chini ya barafu, na mikono yake ilikuwa ya mwanamume. Alimtazama mgeni. Alimtambua kwa lile pengo la meno.

Aliweka shoka chini kwa utaratibu, na kuliweka kwake chini ndiyo huruma pekee Nestori aliyoipata. Kisha aliokota kipande cha mti wa mbetula, mnene kama paja, akampiga nacho.

Mfupa wa mtulinga ulivunjika kwa pigo la kwanza. La pili lilimchana juu ya jicho. Nestori alijua mikono yake ina kazi moja tu iliyojifunza duniani, kwa hiyo aliichomeka yote miwili ndani ya mkanda wake, akaishikilia humo, ule mzima ukiushikilia ule wa upande uliovunjika. Priita alimpiga mbavuni. Akaanguka. Akampiga mgongoni.

"Priita," Eljas aliita kutoka ngazini. "Inatosha."

"Inatosha kwa nani?" Akapiga tena. "Wewe unalala. Mimi ndiye ninayekusikia unavyolia usingizini." Akapiga tena, na tena, na mti ukateleza kwa damu. Ndipo alipouona uso wa mtu aliyelala pale, macho wazi, mikono mkandani, akingoja. Priita alirudi nyuma hatua moja. Alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni, akafunika mdomo kwa aproni.

Walimwingiza ndani, kwa kuwa mgeni hata akiwa shetani haachwi kwenye baridi ile. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, damu ikidondoka sakafuni. Priita aliweka kahawa motoni bila kumtazama mtu yeyote.

"Unataka nini?" Eljas aliuliza.

"Unajua ninachotaka."

"Sema."

"Nataka kufunguliwa."

Eljas aliutazama mkono wake wenye kovu la katikati, vidole vilivyokunjamana kama mizizi. "Sikiliza, Nestori. Nikisali Baba Yetu, nikifika pale kwenye 'kama sisi nasi tuwasamehevyo', nakohoa. Watu wanadhani ni kifua. Zamani nilikusamehe kwa mdomo mara nyingi, kwa woga, na ona yalipotufikisha. Leo siwezi kukupa ya mdomoni tena. Na moyoni nimetafuta. Hamna. Nenda nyumbani."

Nestori aliitikia kwa kichwa. Aliona ni haki. Alijiinua kwa kushika ukuta, akaanza kutafuta kitasa.

"Haondoki," alisema Priita.

"Mama—"

"Haondoki. Nimempiga mtu asiyerudisha mkono. Na nilifurahi, Eljas. La tatu na la nne nilifurahi sana. Sasa niambie, mimi na yeye tofauti yetu ni sketi?"

"Njoo kwangu. Mimi nitakutamkia."

"Wewe sikukupiga. Nimempiga huyu." Alimwelekezea Nestori kijiko cha kahawa. "Na huyu ndiye ninayepaswa kumwomba, na huyu hana cha kunipa, kwa sababu wewe umemfungia nje. Aliye nje atamfungulia nani?"

Kahawa ilifurika ikazima makaa, na hakuna aliyeinuka. Eljas aligeuza uso dirishani. Uani theluji ilikuwa imetibuliwa, ina madoa. Taya yake ilikuwa ikitafuna kitu ambacho hakikuwamo kinywani.

"Unanibana, mke wangu," alisema.

"Najua."

"Ni vibaya kumbana mtu."

"Na hilo nalo nitaliombea radhi. Kwanza inuka."

Eljas aliinuka. Alivuta mguu wake mkavu sakafuni, polepole, na Nestori alipousikia mkwaruzo wa mguu ule alitamani arudishwe uani chini ya mapigo ya ule mti wa mbetula. Walisimama ana kwa ana. Yule mfupi ilimbidi anyanyuke tena kwa mguu mmoja ili afike.

"Siwezi kuinua mkono huu," Nestori alisema.

"Nani kakuambia uuinue?"

Mikono ilimzunguka shingo. Kile kiganja chenye tundu lililoziba kilikaa kisogoni mwake, kigumu na baridi. Eljas alitetemeka mwili mzima, kama mtu anayenyanyua mzigo uliomzidi. "Amini," alisema, "dhambi zako..." Akakwama.

"Zote, Eljas," alisema Priita.

"Nasema. Usinisukume." Alivuta pumzi. "Zote. Pamoja na ile ya magogo. Na hii pia nasema nikiwa nakuchukia, Mungu anajua, lakini sasa si ya mdomoni. Zimesamehewa. Katika jina la Yesu na damu yake."

Nestori alitoa sauti ambayo ni farasi peke yake aliyewahi kukaribia kuisikia. Alimwangukia, na kwa kuwa Eljas hakuwa na goti la kumzuia, wote wawili walienda chini, wakalala sakafuni wameshikana, hawa watu wazima, mmoja akilia kwa kwikwi na mwingine akikohoa.

Priita aliwasubiri wamalize. Kisha alipiga magoti mbele ya Nestori, mgongo umenyooka kama ufito, mashavu yakiwaka.

"Nimekupiga kwa chuki. Je, naweza kuamini?"

Mkono mzima wa Nestori ulitangatanga hewani. Haukujua kumshika mtu shingoni bila kumkaba. Ukatua begani mwa Priita, mwepesi kama ndege mwenye shaka. "Amini," alinong'ona, "zimesamehewa. Zote. Zimeisha."

"Jina la Yesu umeliacha."

"Katika jina la Yesu."

"Na damu."

"Na damu yake."

"Naamini," alisema Priita, akasimama.

Eljas alikwisha kujikokota mpaka nje. Mlango wa zizi ulilia ukafungwa. Nestori aligeuka kumfuata.

"Mwache huko na ng'ombe," Priita alisema, huku akichana shuka vipande virefu. "Kile alichokutolea kilikuwa kizito. Wewe kaa hapa, inua kidevu." Alimfunga mfupa ule akivuta kitambaa kwa nguvu zake zote, na Nestori alipogumia alivuta zaidi, na kwa hilo hakumwomba radhi.