Jalala Kapata Sindano

Juzi kliniki, hapa mtaani kwetu Fordsburg, nesi aliita jina la mtoto mpaka akachoka. Mama mmoja kijana akataka kuinuka, mama mkwe wake akamvuta kitenge.

"Kaa! Ukiitikia, kifo kitajua jina ni la nani. Huyu tunamwita Jalala. Kifo hakiokoti takataka."

"Eish, mama! Surua ilishanichukulia watoto wawili. Na huyu akose sindano?"

Bibi akambeba mjukuu mwenyewe, akamwendea nesi: "Dada, Jalala ndiye huyu."

Mkamwana akamweleza nesi kwa Kizulu kwa nini mtoto anaitwa hivyo. Nesi akacheka, akamdunga. Mtoto akalia, kliniki nzima ikageuka.

"Msikieni Jalala wangu!" bibi akajisifu.

Ugomvi wa wakwe huletwa kwangu, mzee wa mtaa, niuamue. Huu ulijiamua wenyewe: mtoto kapata sindano, na kifo hakijapata jina.