Jina Alilogeukia

Mwanangu alipokaribia miaka mitatu, swali lilikuwa moja tu popote nilipokanyaga: "Ameanza kuongea?" Niliulizwa kanisani, niliulizwa sokoni, niliulizwa na wanawake ambao vichwa vyao vilikuwa mikononi mwangu nikivisuka. Nina saluni ndogo hapa Amalemba, chumba kimoja chenye kioo na viti viwili, na mtoto nilimlea mle mle katikati ya nywele na mafuta. Nikisema bado, napewa ushauri nisiouomba. Wavulana huchelewa. Mkatie kile kingozi kilicho chini ya ulimi. Mpikie ulimi wa ng'ombe ale peke yake, asigawiwe mtu. Mpeleke shule, wenzake watamfungua mdomo. Kila mtu alikuwa daktari, nami nilikuwa natabasamu huku nikivuta uzi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Wapo walioondoka pale na maumivu ya kichwa, na sijuti.

Mtoto mwenyewe hakuwa kimya. Alikuwa na sauti moja, "mmm", ya furaha na ya njaa na ya kila kitu. Alipotaka chakula alinivuta sketi hadi kwenye sufuria, akauchukua mkono wangu na kuuweka juu ya kifuniko. Nisipoelewa alijitupa chini na kugonga kichwa sakafuni, tena na tena, mpaka nimshike kwa nguvu kifuani. Mtu hajui unyonge mpaka mtoto wake mwenyewe amtazame machoni akitaka kitu, naye asijue ni kitu gani. Nilimpa maji, akamwaga. Nilimpa ndizi, akaitupa. Nilikaa sakafuni nikalia pamoja naye, mteja akisubiri na kichwa kilichosukwa nusu.

Hatukuwahi kufikiria masikio. Mume wangu huendesha tinga, trekta la kubeba miwa, na kila tinga lilipokunja kona kuingia njia yetu, mtoto alikuwa mlangoni kabla yangu, anarukaruka. "Huyu anasikianga kuliko mbwa," baba yake alisema huku akimnyanyua. Na pale saluni alilala fofofo kando ya draya ya nywele ikinguruma, wateja wakamsifu kwa utulivu. Nilizipokea zile sifa kama zangu. Shida, tulikubaliana sote, ilikuwa ni ulimi.

Tukampeleka shule ya chekechea. Hakumaliza hata muhula. Mwalimu aliniita akaniambia, mbele ya wazazi wengine, kwamba mtoto wangu ni mjeuri. "Ukimwita anakupatia mgongo. Wenzake wakiimba yeye anachezea mlango. Mama, mrudishe nyumbani, umlete akianza kuongea." Nilimjibu kwamba kama angekuwa anaongea nisingemhitaji yeye. Halafu nikambeba mwanangu na begi lake jipya, nikatembea hadi nyumbani nikiwa nimeinamisha uso, maana machozi yangu sikutaka mtu ayaone bure.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuja na jibu. Sisi tunamwita kukhu, yaani nyanya, tangu mtoto azaliwe. Anakaa Navakholo, analima mahindi na miwa kidogo, na huyu mjukuu alimpenda kupita kiasi. Alipopata habari za shule alikuja siku iliyofuata na kuku kwapani, akaketi, akakataa chai.

"Huyu mtoto hana ugonjwa," alisema. "Hana jina."

Alikuwa na jina la ubatizo na jina la msimu wa mvua aliozaliwa, lakini la mtu wa ukoo aliyelala hakuwa nalo. Kule kwetu mtoto akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya marehemu mpaka anyamaze kwenye lake. Mtoto wangu, kwa maelezo ya kukhu, alifanya kinyume: alikuwa amenyamaza akisubiri kuitwa. Mtu fulani kule chini alikuwa amekasirika kwa kusahauliwa, akaushika ulimi wa mtoto. Mume wangu alisikiliza akiitikia kwa kichwa polepole, na niliuona uso wake ukifunguka. Hatimaye kulikuwa na kosa linaloweza kurekebishwa.

Sitasema uongo, hata mimi nilitaka iwe hivyo. Ningekunywa sumu ya panya kama mtu angeniambia mtoto atasema "mama" nikiwa nakata roho.

Tulienda Navakholo Jumamosi asubuhi, sisi watatu kwenye pikipiki ya mume wangu. Uwanja wa kukhu ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio ikionekana. Mashangazi wawili walikuwa wameshafika. Mtoto aliketishwa kwenye mkeka, jua likiwa nyuma yake, akapewa magunzi ya mahindi achezee. Mimi niliambiwa nikae mbele yake, mbali kidogo, nisimshike wala nisimwite. Kukhu akasimama nyuma yake.

Alianza na wazee. Aliita jina, akasema, "Kama ni wewe, mwachilie mtoto aongee," akasubiri. Mtoto alipanga magunzi. Akaita jingine. Akaita la mama yake mzazi, la baba mkwe wake, la watu ambao hata mume wangu hakuwajua. Mtoto hakuinua uso. Shangazi mmoja alianza kuomba kwa sauti ya chini. Mimi niliikalia mikono yangu.

Mwisho kukhu akataja jina la mwanawe wa kwanza, kaka wa mume wangu, aliyefariki kijana kabla sijaolewa pale. Tangu azikwe, niliambiwa, hakuwa amelitamka. Sauti yake ilikatika katikati.

Na mtoto akageuka.

Aligeuza kichwa chote nyuma, akamtazama nyanya yake usoni. Mashangazi walipiga vigelegele. Mume wangu, mtu ambaye sijawahi kuona chozi lake, alipiga magoti kwenye udongo akalia kama mtoto. Kukhu alimnyakua mjukuu akamkumbatia, akimwita kwa jina lile tena na tena, "omwana wanje, omwana wanje," mtoto wangu, mtoto wangu. Ingokho, yaani kuku, ilichinjwa, obusuma, ugali wetu, ukasongwa, watu wakala.

Mimi sikula. Nilikuwa nimekaa mbele, na niliona walichokosa kuona. Kukhu alipotamka lile jina machozi yalimtoka, akainua mkono kuyafuta, na kivuli cha mkono wake kikapita juu ya magunzi, mbele ya macho ya mtoto. Ndipo akageuka. Aligeuka kuangalia ni nini kilichopita.

Nilimwambia mume wangu njiani tukirudi, nikipaza sauti juu ya mlio wa pikipiki. Alisimamisha pikipiki kando ya shamba la miwa, akazima injini.

"Unataka kusema mama yangu ni mwongo?"

"Sijasema ni mwongo. Nimesema ni kivuli."

"Wewe hata Mungu akikupatia kitu utakiangalia kama kina tundu," alisema, akawasha pikipiki. Hatukusemezana tena hadi Amalemba.

Basi tukaambiwa tusubiri. Jina limepatikana, ulimi utafunguka. Kila jioni mume wangu alimwita mtoto kwa jina jipya, na mtoto alipotokea kumtazama kwa bahati, baba yake alinigeukia kwa ushindi. Asipotazama, alisema amechoka kucheza. Nilianza kumchukia, nalisema wazi, mwanamume mzuri anayempenda mwanawe, nikamchukia kwa ajili ya yale matumaini yake. Nyuma ya mgongo wa mtoto niligonga sufuria. Nikaangusha masufuria mawili pamoja. Jirani alikuja mbio kuuliza kuna nini. Mtoto aliendelea kuchora vumbi kwa kidole.

Nikampeleka hospitali bila kuaga. Muuguzi wa kliniki ya watoto hakuuliza kuhusu ulimi. Aliuliza, "Mama, anasikia?" Nilifungua mdomo kumweleza habari za tinga. Aliniacha nimalize, halafu akasema kwa upole, "Tinga linatingisha chini, mama. Miguu inasikia." Nilishika ukingo wa meza.

Kipimo chenyewe kilitaka mtoto awe amelala. Walimbandika nyaya kichwani na kumwekea vitu vidogo masikioni, nami nikatazama mistari kwenye kompyuta kana kwamba naelewa. Mpimaji alinieleza huku akikunja nyaya. Masikio yote mawili. Hasikii, na vifaa vya kuvaa havitampa mengi. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Akili ya mtoto, alisema, haikai tu kungoja lugha, ina wakati wake wa kuipokea, na huo wakati ulikuwa unapita tukikaa. Ikiwa haiwezi kuingia kwa masikio basi iingie kwa macho. Kulikuwa na shule ya watoto wasiosikia, wangempa lugha ya ishara, na sisi pia tungefundishwa. "Lakini msichelewe zaidi ya hapa," alisema. "Na baba aje."

Baba hakuja. "Mashine," alisema. "Mashine gani inajua mtoto wangu kuliko mama yangu? Alimwita, akageuka. Watu waliona. Mimi niliona." Nikamwambia mtoto atakuwa mtu mzima asiye na neno hata moja kichwani, si la mdomo wala la mkono, hata la kusema anaumwa wapi. Akasema mwanawe hatapelekwa mahali pa kupunga mikono hali amepewa jina. Nilirusha kikombe ukutani. Wiki zilipita, muhula wa shule ukaanza bila sisi, na mtoto alizidi kujitupa sakafuni, sasa akijiuma mikono mpaka alama zinabaki.

Nilielewa kwamba mume wangu hataamini mpaka mama yake aamini. Kwa hiyo nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda Navakholo peke yangu.

Kukhu alikuwa kwenye baraza anapukuchua mahindi. Mawingu ya mvua ya alasiri yalikuwa yameshaziba jua. Alimpokea mjukuu kwa jina la mwanawe, akamketisha penye magunzi, akaniuliza kama ameanza kuongea. Nilijikaza kisabuni nikamweleza yote kwa mpigo mmoja, kipimo, shule, mume wangu anavyokataa. Mwisho nikamweleza kivuli.

"Ulikuwa unajifuta machozi, kukhu," nilisema. "Aliona mkono."

Nilitegemea anifukuze. Alipukuchua hindi lililokuwa mkononi mpaka likabaki gunzi tupu, akaliweka chini. Akasimama, akafungia mikono yote miwili ndani ya leso yake, kifuani, akaikaza. Akazunguka akasimama nyuma ya mtoto. Akaita.

Mtoto alipanga gunzi juu ya gunzi.

Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Mwanamke wa boma la pili aliitikia kutoka ng'ambo ya ua akiuliza nani amepatwa na nini. Hakumjibu. Aliita mpaka lile jina likaacha kuwa jina, likawa kilio, nadhani ndivyo alivyoliita siku ya mazishi mbele ya kaburi. Ng'ombe aliyefungwa kando ya choo aliinua kichwa. Mtoto wangu alikuwa amefikisha gunzi la juu kabisa, mnara ukaanguka, akacheka peke yake, akaanza upya. Niliona nimekuja kumnyang'anya mama huyu mwanawe kwa mara ya pili, na nilitamani nirudi nyuma niyafute maneno yangu yote, lakini nilikuwa nimechelewa.

Aliacha. Alikuwa anahema. Alimzunguka mtoto polepole, magoti yakimsumbua, akachuchumaa mbele yake, na mtoto akauona uso wake akamwonyesha gunzi, "mmm".

"Nitamwambia baba yake mimi mwenyewe," alisema bila kunitazama. "Mpeleke hiyo shule."

Nilisema asante. Nilidhani yameisha, nikaanza kufunga shuka nimbebe mtoto. Kukhu alikuwa bado amechuchumaa, mikono ingali imefungwa kwenye leso.

"Lakini mimi sijui kusoma," alisema. "Hizo za mikono nani atanifundishanga huku? Hadithi zangu, nyimbo, kumwambia watu wake ni nani. Yote nilikuwa nimeiweka kwa mdomo." Akanitazama sasa. "Mimi nitampatia nini?"

Niliacha shuka, nikachuchumaa kando yake. Mvua ilianza, na hakuna aliyenyanyuka kuanua mahindi.