Siku Simba Alipozaa Akheri

Nilipokuwa mtoto kule Akheri, chini ya mlima, hali ya hewa ilikuwa na adabu zake: ukungu asubuhi, jua mchana, na mvua ilikuja kwa kubisha hodi. Siku ninayoikumbuka haikuwa na adabu hata kidogo. Tuliamka na baridi ya kugonganisha meno, mara jua likachoma mpaka majani ya migomba yakalegea, kisha mvua ikaanza kunyesha huku jua likiwaka vilevile.

"Simba anazaa," Bibi akasema, akiingiza vifaranga ndani. "Mtoto asitoke."

Baba alikuwa ameshanituma ng'ambo ya korongo nikamfungue mbuzi asiloe. Alikuwa mzee wa kanisa, na mambo ya simba kuzaa hakutaka kuyasikia nyumbani kwake.

"Mama, huo ni upagani. Maji yenyewe ya korongo hayafiki hata kwenye kifundo."

Bibi alinishika gauni kwa nyuma, akakaza. Baba akasonya, akaenda mwenyewe.

Alikuwa ng'ambo, mbuzi begani, tuliposikia mngurumo kutoka juu mlimani. Nikaamini ndiye simba, nikalia. Kumbe ni maji. Yalishuka mekundu, yamebeba mawe na migomba mizima, na Baba akatia mguu ili awahi kuvuka.

Bibi alishafika ukingoni, akinikokota. "Ndele!" alipiga kelele. Sikujua kuwa Baba ana jina hilo. Lilikuwa la utotoni mwake. "Ndele, mwanangu, usivuke! Kaa huko huko!"

Na Baba, ambaye hata mchungaji alimwogopa vikaoni, akaurudisha mguu. Akakaa chini ya mgomba amempakata mbuzi, mvua ya mawe ikimpiga, hadi maji yalipopungua. Aliporudi, Bibi alimpa uji wa moto bila kumsimanga.

Baba akanywa, kisha akasema, "Huyo simba amezaa mapacha."

Tulicheka sana. Bibi alifuta machozi, na sidhani yalikuwa ya kicheko.

Siku hizi naishi Moshono, mjini. Najua kwamba jua linaweza kuwaka kwetu wakati mvua inamwagika kule mlimani. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini Bibi hakusema tu hivyo. Nadhani alitujua. Mtoto ukimwambia mlimani kunanyesha, atalitazama jua na kwenda zake. Baba, mtu mzima, aliyatazama maji ya korongo, akaenda.

Juzi mvua ilinyesha juani, na mwanangu akabeba mpira avuke mtaro.

"Simba anazaa," nikamwambia.

"Simba gani, Mama? Moshono hii?"

Nilimshika shati kwa nyuma, nikakaza.