Gando la Kung'olea Mathenge

Juzi nilikodi pikipiki Garsen, nikamwambia kijana anipeleke kwetu, kule chini ya Golbanti. Tulikwenda vizuri mpaka pale njia ilipokuwa ikikata kushoto. Akazima injini. "Dada, hapa ndio mwisho. Mbele ni mathenge tu." Nikamwambia huko mbele kuna nyumba, kuna mashamba, kuna mto. Akacheka. "Labda zamani." Basi nikashuka, nikasimama mbele ya ule ukuta wa miiba nikitafuta hata ncha ya paa. Wapi! Nilizaliwa humo ndani, rafiki yangu, na sikuweza kuingia hata hatua moja.

Kama huijui mathenge, Mungu anakupenda. Ni mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa, ukaona jangwa peke yake halitoshi, ukatuzuia na sisi. Ukiukata leo, unachipua mara tatu. Mwiba wake hupenya ndala ukaingia nyamani, na mguu ukavimba wiki nzima. Nilipokuwa darasa la nne tulikuwa tumeshazingirwa. Njia ya mtoni tuliipita tumeinama, ndoo mkononi badala ya kichwani, huku tukipiga kelele ili kama kuna nyati atusikie mapema, kwa sababu pa kukimbilia hapakuwepo. Bibi yangu alikuwa akisema tunaishi kama kuku ndani ya tenga. Nilikuwa mtoto mtundu wa kupanda na kurukaruka, na nakwambia kweli, mwaka ule nilihisi pumzi inaniishia nikiwa uani kwetu.

Kibaya zaidi, malka nayo iliziba. Sisi wakulima tulikaa kandokando ya mto, na wafugaji wa Kiorma walikaa nyuma yetu, nyikani. Kiangazi kikiingia lazima ng'ombe wao wanywe. Kwa hiyo tangu enzi za mababu, kati ya shamba na shamba huachwa njia pana isiyolimwa, na ng'ombe hupita humo mpaka majini bila kugusa hindi hata moja. Njia hiyo ndiyo malka. Ukiilima, umevunja ujirani. Yetu hakuna aliyeilima, lakini mathenge haikuuliza mtu.

Tulikuwa na rafiki wa nyumba, mzee wa Kiorma, ambaye humletea bibi maziwa kwenye kibuyu, naye bibi humrudishia kibuyu na ndizi juu yake. Siku moja alikuja, akaketi mkekani, chai akaiacha ipoe. Akamwambia baba: "Bwana, ng'ombe haijui shamba ya nani. Ikisikia harufu ya maji, inakwenda. Mimi nitashika na fimbo, lakini fimbo ni moja." Wote tulielewa. Pande zetu watu walishazikana kwa jambo kama hilo. Baba akamwahidi kwamba malka itakuwa wazi kabla visima vya nyikani havijakauka. Hapo ndipo mzee alipoinua kikombe.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea pale Garsen, wa milango na vitanda. Mjomba alikuwa na trekta kuukuu lenye ndoo mbele, alilolitoa kwenye skimu ya mpunga iliyokufa. Lakini ndoo ya trekta hubeba mchanga, mathenge haibebi. Ukiusukuma mti unainama, unapita juu ya ndoo, kisha unarudi kumchapa dereva usoni. Siku ya kwanza mjomba alirudi amechanikachanika kama aliyepigana na paka. "Hii kitu inataka vidole," akasema, huku bibi akimtoa miiba shingoni. Baba akaokota kijiti, akachuchumaa, akachora kwenye mchanga gando la kaa.

Wiki tatu uwanja wetu ukawa gereji. Vidole vinne vilikatwa kutoka springi za lori, vikachomelewa kwenye bomba nene, na bomba likafungwa juu ya ndoo lizunguke kama bawaba. Nyuma yake zikakaa jeki mbili za mafuta, zilizotolewa kwenye trekta bovu. Jeki zikisukuma, vidole vinashuka na kuubana mti kwenye ndoo, zikirudi, vinaachia. Jenereta lilinguruma mchana kutwa, na harufu ya chuma kinachoungua ikachanganyika na ya kambare kwenye kikaango cha bibi. Tulikatazwa kutazama cheche, kwa hiyo tulizitazama, na macho yakatuwasha mpaka tukalia. Baba alipenda kunieleza kazi yake. "Mafuta hayabanwi, mwanangu. Ukiyasukuma huku, lazima yatokee kule." Kisha aliniagiza spana ya kumi na saba, nikamletea ya kumi na tisa, akanigombeza.

Visima vilikauka mapema kuliko ahadi ya baba. Siku gando lilipokamilika, vumbi la ng'ombe lilikuwa tayari linaonekana upande wa nyika. Mjomba akaingia na trekta. Shina la kwanza likabanwa, likanyanyuliwa na mizizi yake yote, na bibi akapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Lilipofika katikati ya malka, gando likashika mti mkubwa, mnene kama pipa, na paipu ya mafuta ya kufungulia ikapasuka, paa! Vidole havikuachia tena. Trekta limeushika mti, mti umelishika trekta, na mjomba yuko juu ya kiti, miiba kulia na kushoto, hawezi kushuka wala kurudi nyuma. Ng'ombe wakafika. Wakasikia harufu ya maji, wakaanza kulia na kusukumana, na pande zote mbili lilikuwa hindi la bibi, limebeba. Nilishika leso ya bibi kwa mikono miwili. Niliogopa, sikufichi, niliogopa kwamba baba yangu atauawa pale mbele yangu.

Yule mzee akaja mbele na fimbo yake. Akalitazama gando, akamtazama mjomba, akacheka mpaka akakohoa. "Leo mmekwama nyinyi, mjue mimi nikikwama naonaje." Akawaita vijana wake waje na panga, wetu wakaja na mashoka, wengine wakasimama mpakani kuwazuia ng'ombe kwa fimbo na mayowe. Ule mti walikatakata, mjomba akashuka akinuka mafuta, wakafyeka kwa mikono njia nyembamba kwenye nusu iliyobaki, na alasiri ng'ombe wakateremka mpaka mtoni. Hindi halikuguswa hata moja. Baba alikaa chini kwenye vumbi akajifunika uso kwa kofia yake.

Sasa sikiliza tulivyofanya. Miti yote iliyong'olewa baba aliipanga kulia na kushoto ya malka iwe ua, maana ndivyo sisi tunavyojenga boma, na nani atachoma miiba aliyoipata bure? Ilikuwa imejaa maganda ya mbegu, ya manjano, matamu. Ng'ombe wakapita katikati wakiyatafuna kiangazi kizima. Tukafurahi. Tukasema, hata malisho wamepata!

Mwaka ule mto haukufurika, na shamba halikupata tope jipya. Bibi akaona samadi imejaa kwenye malka, akanipa kikapu. Kila asubuhi kabla ya shule nilizoa mavi ya ng'ombe nikamwaga shambani, shina kwa shina, mpaka karibu na mlango wa jiko palipokuwa na mchicha. Mchicha ulinawiri ajabu. "Mungu akuweke, mwanangu," bibi aliniambia, "wewe ndiye umelisha shamba hili." Nilijiona mtu mkubwa.

Mvua ilipokuja, vikaota vijiti vyenye majani madogomadogo. Kwenye malka, ndiyo, lakini hata katikati ya mahindi, hata mlangoni pa jiko. Tuling'oa kwa mikono tukachoka. Gando halikufaa shambani, kwa kuwa lingeng'oa na hindi, na kwenye malka miche midogo ilipenya kati ya vidole vyake. Ndani ya miaka michache watu wakahama, nyumba moja baada ya nyingine, na maziwa ya kibuyu yakakoma kwa sababu mzee hakuwa tena na pa kupita. Bibi aliondoka wa mwisho. Akapanga chumba cha bati Garsen, akawa haoni mto wala mche wa ndizi, anaona ukuta.

Mimi nikaenda chuo kusomea kilimo. Siku moja mwalimu akasema, hivi hivi tu, kwamba mbegu ya mathenge ni ngumu, ila ikishapita tumboni mwa ng'ombe hutoka imelainika, tayari kuota. Niliweka kalamu chini.

Likizo nilikuwa nakaa na bibi. Ananipikia, ananitazama nikila, kisha lazima aulize lile lile. "Malka naielewa, ng'ombe walipita. Lakini shambani kwangu, mpaka mlangoni, nani aliipanda? Ni adui gani huyo?" Jibu nilikuwa nalo mdomoni, na wali pia. Nilimwambia, "Ni upepo, bibi." Akaulaani upepo huo kila siku mpaka anafariki, na kila alipoulaani, mimi niliitikia amina.